KIBARUA NA MSHAHARA: TOFAUTI YA KAZI HIZI MBILI SI FEDHA TU

Ni vigumu kupata neno la kazi lisikiwalo mara nyingi katika Kenya kuliko neno kibarua. Mjenzi wa mjini hulitaja, mchuma kahawa wa shambani hulitaja, na mama afuaye nguo za watu nyumba hata nyumba hulitaja pia. Mtu akiulizwa, "Je, umepata kazi?" huenda akajibu kwa sauti ya chini, "Ah, ni kibarua tu." Katika hilo neno dogo "tu" mna mambo mengi: mna mashaka ya kesho, mna deni la dukani, na pengine mna haya kidogo.

Walakini haikuwa hivyo sikuzote. Palikuwa na wakati ambapo watu wengi wa pwani walipenda kibarua kuliko kazi ya mwezi, nao walikuwa na sababu zao. Katika makala haya tutaeleza neno hili lilitoka wapi, kwa nini wengine walikipenda kibarua na wengine wakakichukia, na sheria ya nchi yasemaje leo. Mfano wetu mkubwa utakuwa bandari ya Mombasa, kwa sababu huko ndiko jambo hili lilikoshindaniwa kwa miaka mingi, mbele ya macho ya watu wote.

MANENO YENYEWE

Kibarua maana yake ni barua ndogo. Zamani katika miji ya pwani, mtu aliyeajiriwa kwa siku alipewa kipande kidogo cha karatasi asubuhi. Jioni, kazi ilipokwisha, alikirudisha kile kikaratasi, naye akahesabiwa fedha zake. Polepole jina la karatasi likawa jina la kazi yenyewe, kisha likawa jina la mtu aifanyaye. Ndiyo sababu twaweza kusema "nimepata kibarua" na "yule ni kibarua" bila kukosea.

Mshahara ni neno la asili ya Kiarabu, nalo limetoka katika neno lenye maana ya mwezi. Kwa hiyo mshahara, tukishika asili yake, ni malipo ya mwezi. Ujira ni malipo ya kazi yo yote iliyofanywa, iwe ya siku moja au ya saa moja. Na posho ni chakula, au fedha ya chakula, apewayo mfanya kazi.

Basi msomaji ataona kwamba lugha yetu yenyewe imekwisha kutenga mambo mawili. Mwenye mshahara hupimiwa kwa mwezi, na kibarua hupimiwa kwa jua: likichomoza amefungua hesabu, likitua hesabu imefungwa.

WALIOKIPENDA KIBARUA

Ili kufahamu kwa nini watu walikipenda kibarua, yatupasa kukumbuka habari za utumwa. Katika pwani ya Kenya utumwa uliondolewa kwa sheria mwaka 1907. Kabla ya hapo, watumwa wengine wa mjini walipelekwa na mabwana wao kufanya kazi za kutwa, kama kuchukua mizigo, na sehemu ya ujira wao ilichukuliwa na bwana. Mtu aliyetoka katika hali hiyo hakutamani kufungwa tena na bwana mmoja mwaka hata mwaka. Kwake yeye kufanya kazi leo kwa fulani, na kesho kwa mwingine au kukaa nyumbani kwake, ilikuwa dalili kwamba yu mtu huru.

Sababu ya pili ilikuwa shamba. Wadigo na Wagiriama wengi walikuwa na minazi na mashamba yao bara, si mbali na kisiwa cha Mombasa. Mtu aliweza kulima mvua zikinyesha, akavuna, kisha akaja mjini kwa juma moja au mawili kutafuta fedha za kodi au za arusi. Kazi ya mwezi ingemkata mguu: ama angepoteza shamba, ama angepoteza kazi. Wazee wa pwani husema mgaagaa na upwa hali wali mkavu, nao walijua kugaagaa kwa hesabu.

Sababu ya tatu ilikuwa namna kazi ya muda mrefu ilivyokuwa katika sehemu za bara. Kwa sheria iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alilazimishwa kuchukua kipande, ambacho mara nyingi kilitiwa ndani ya kijaluba cha bati na kuvaliwa shingoni. Ndani yake ziliandikwa kazi alizofanya na malipo aliyopata, na tajiri ndiye aliyetia sahihi alipomwacha aondoke. Huko mashambani wengi walifanya kazi kwa tikiti ya siku 30 za kazi, na mtu aliyeondoka kabla ya kumaliza muda wake alihesabiwa kuwa mtoro, akapelekwa mahakamani kama mkosaji. Basi si ajabu kwamba wengine walitazama kazi ya muda mrefu kama mtego. Kibarua wa pwani hakuwa na mtego huo. Jua likitua, alikuwa bwana wa nafsi yake.

KAZI YA GATINI

Sasa natuingie bandarini. Magati ya kwanza ya maji marefu huko Kilindini yalifunguliwa mwaka 1926. Kabla ya hapo meli kubwa zilitia nanga mbali kidogo, na shehena ikaletwa pwani kwa matishali. Magati yalipokwisha kujengwa meli ziliweza kukaa kando ya nchi kavu, lakini mizigo ilipakiwa na kupakuliwa bado kwa nguvu za watu.

Makuli walifanya kazi kwa makundi. Wengine waliingia ndani ya tumbo la meli, ambamo joto ni kali na vumbi la saruji huziba pua, wakapanga magunia juu ya wavu wa kamba. Winchi iliuinua wavu ule na kuuteremsha gatini, ambapo wenzao waliupokea na kuipeleka mizigo katika maghala. Gunia moja la kahawa lina uzito wa kilo 60, na kuli hakuinua moja, aliinua mengi tangu asubuhi hata jioni. Kamba ikikatika, au mtu wa winchi akikosea ishara, aliyeko chini hakuwa na pa kukimbilia. Msimamizi wa kundi aliitwa serangi, na kundi lilifanya kazi kwa haraka au polepole kwa kadiri serangi alivyojua kuliongoza.

Kazi hiyo ilikuwa na fahari yake. Kupanga shehena ndani ya meli si kazi ya mjinga. Mizigo ikipangwa vibaya husogea mawimbi yanapoipiga meli, na meli yenyewe yaweza kulala upande. Makuli walijua hivyo, nao walijua pia kwamba kahawa ya bara, chai, pamba ya Uganda na mashine za reli zote zilipita mikononi mwao. Mtu anayejua kwamba nchi nzima yangoja mikono yake hawezi kujidharau.

Lakini kwa nini waliajiriwa kwa siku? Sababu ni bahari. Meli hazifiki kwa saa kama gari la moshi. Juma hili zaweza kuja meli nyingi pamoja, na juma lijalo magati yakawa matupu. Makampuni ya bandari hayakutaka kulipa watu siku ambazo hakuna meli. Kwa hiyo yalitaka wawepo watu wengi karibu, wakingoja, kisha yachukue wale wanaotakiwa tu. Hasara ya siku tupu haikuwa ya kampuni, ilikuwa ya kibarua.

Hapo ndipo uchungu wa kibarua ulipo. Mtu aliamka alfajiri, akaenda mahali pa kuitiwa kazi, akasimama katika kundi. Walioitwa waliingia, wasioitwa walirudi nyumbani na mikono mitupu, hali nauli imekwisha na chai ya asubuhi imekwisha kunywewa kwa deni. Tena, pale ambapo mtu mmoja ana uwezo wa kuchagua nani aingie, upendeleo huzaliwa. Hujafukuzwa kazi, kwa kuwa huna kazi ya kufukuzwa, huitwi tu. Na mtu asiyeitwa hana mahali pa kupeleka mashtaka yake.

MIGOMO MITATU

Mji wa Mombasa ulikuwa ukiongezeka watu, kodi za vyumba zikipanda, na vita ya pili ya dunia ilipandisha bei za vitu zaidi. Mambo hayo yaliwagusa wenye mshahara na vibarua pia.

Mwezi wa Julai na Agosti 1939 wafanya kazi wa sehemu mbalimbali za mji waliacha kazi kundi baada ya kundi, wakidai mshahara zaidi na fedha za kodi ya nyumba, mpaka mgomo ukafika bandarini. Hawakuwa na chama, lakini habari zilipita mdomo kwa mdomo, vyumbani na mikahawani.

Mgomo mkubwa zaidi ulianza tarehe 13 Januari 1947. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi: makuli, watu wa reli, watumishi wa hoteli na hata wapishi wa majumbani. Kwa muda wa siku zipatazo kumi na mbili mji ulisimama. Kila siku wagomaji walikutana katika uwanja ambao wenyewe waliuita Kiwanja cha Maskini. Katika siku hizo kilizaliwa chama cha African Workers' Federation, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake mashuhuri. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikwenda Mombasa kuwasihi watu warudi kazini ili madai yao yasikilizwe. Walirudi, na baada ya uchunguzi nyongeza za malipo zilitolewa. Lakini mwezi wa Agosti mwaka uo huo Kibachia alikamatwa, akapelekwa kukaa Baringo, mbali na bahari na mbali na watu wake.

Mgomo wa tatu ulikuwa wa makuli wenyewe, mwezi wa Machi 1955. Wakati huu vyama vya wafanya kazi vilikuwa vimeanza kuandikishwa. Tom Mboya, ambaye alikuwa kijana wa miaka 24, alikwenda Mombasa, akazungumza na wafanya kazi na matajiri pia. Makuli wakarudi kazini, na baadaye malipo yao yakaongezwa. Tangu hapo watu wa nchi nzima waliona kwamba meza ya mazungumzo yaweza kuleta matunda, endapo wanaoketi upande wa wafanya kazi wana umoja nyuma yao.

KUANDIKISHWA: FAIDA NA HASARA

Serikali na makampuni walijifunza jambo katika migomo hiyo. Waliona kwamba mtu asiye na kazi ya kudumu hana la kupoteza. Kwa hiyo katika miaka ya 1950 walianza mpango wa kuandikisha makuli. Aliyeandikwa jina alitazamiwa kufika kazini siku nyingi za mwezi, naye alikuwa na tumaini la kupata kazi mbele ya wasioandikwa. Asiyefika mara kwa mara alifutwa. Polepole wengi wa walioandikwa wakawa watu wa mwezi, wenye mshahara, likizo na tumaini la kiinua mgongo.

Je, watu walifurahi? Wengine walifurahi sana. Mtu mwenye mshahara aliweza kumleta mkewe mjini, kuandikisha watoto shuleni, na kumwambia mwenye nyumba siku atakayolipa. Lakini wengine waliona wamepokonywa kitu. Yule mwenye minazi yake bara, aliyezoea kuja mjini kwa hiari yake, sasa aliambiwa achague: shamba au bandari. Na wale ambao majina yao hayakuingia katika daftari walibaki nje kabisa. Daftari hilo lilikuwa mlango: waliokuwa ndani walifungiwa wasitoke ovyo, na waliokuwa nje walifungiwa wasiingie.

Jambo jingine hakuna aliyeliona wakati ule. Tarehe 26 Aprili 1956, mwaka mmoja baada ya mgomo wa tatu, meli iitwayo Ideal-X ilitoka Newark kwenda Houston, huko Marekani, ikichukua makasha makubwa ya chuma 58. Mzigo ulitiwa ndani ya kasha huko huko ulikotoka, kasha likapakiwa lote zima, wala hapana mtu aliyegusa gunia hata moja gatini. Makasha hayo, ambayo sasa twayaita makontena, yalienea dunia nzima. Yalipofika Mombasa, kazi iliyotaka kundi la watu kwa siku nyingi ikawa kazi ya mashine na watu wachache wenye mafunzo. Waliokwisha pata kazi ya kudumu walikuwa na chama cha kuwasemea na haki za kudai; waliokuwa vibarua waliacha kuitwa, basi.

HESABU YA NYUMBANI

Msomaji aweza kuuliza: "Je, si heri kibarua chenye malipo makubwa kuliko mshahara mdogo?" Natupige hesabu. Tuseme kibarua apata shilingi 800 kwa siku, na mwenzake wa mwezi apata shilingi 20,000. Kibarua akifanya kazi siku 26 atapata shilingi 20,800, naye amempita mwenzake. Lakini tuseme mvua imenyesha siku tano ujenzi ukasimama, na homa imemlaza siku nne. Siku za kazi zimebaki 17, na fedha zake ni shilingi 13,600. Mwenzake aliyelala na homa hiyo hiyo, kama amekwisha kupata haki ya likizo ya ugonjwa, atapokea shilingi 20,000 zake.

Tena kuna mambo yasiyoandikwa katika hesabu. Mwenye duka humkopesha aliye na mwisho wa mwezi. Chama cha akiba na mikopo humtaka mtu aweke fedha kila mwezi bila kukosa. Kibarua hulipa bei ya juu kwa vitu vingi, kwa kuwa hununua kidogo kidogo: sukari ya kupimiwa kwa kijiko, mafuta ya kupimiwa kwa kikombe. Ndiyo maana twasema kwamba tofauti ya kazi hizi mbili si fedha tu. Mwenye mshahara anauzwa kazi yake, lakini kesho yake anayo. Kibarua huuza kazi ya leo, na kesho huanza upya kutafuta mnunuzi.

SHERIA YASEMAJE LEO

Hata leo, alfajiri, watu husimama mbele ya malango ya viwanda katika Industrial Area ya Nairobi wakingoja kuitwa. Watu hao wasidhani kwamba hawana sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yawataja.

Kwanza, kibarua kwa sheria hiyo ni mtu ambaye malipo yake hutolewa mwisho wa kila siku, na ambaye haajiriwi kwa muda upitao saa 24 kwa mara moja. Kwa hiyo kibarua ana haki ya kulipwa jioni ya siku ile ile.

Pili, na hili ndilo kubwa: mtu akifanya kazi mfululizo siku ambazo jumla yake ni sawa na mwezi mmoja au zaidi, au akifanya kazi ambayo haitazamiwi kwisha kabla ya miezi mitatu, sheria humhesabu kuwa mfanya kazi wa mwezi, hata kama tajiri angali akimwita kibarua. Hawezi kuondolewa bila kupewa taarifa iliyoandikwa ya siku 28. Akiendelea mfululizo miezi miwili au zaidi tangu siku aliyoanza, apaswa kupata masharti yale yale ambayo angepata kama hakuanza kwa kibarua.

Tatu, mfanya kazi ana haki ya likizo isiyopungua siku 21 za kazi, pamoja na malipo yake, baada ya kila miezi 12 ya kazi. Na baada ya miezi miwili mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa: siku saba kwa malipo kamili na siku saba nyingine kwa nusu malipo katika kila miezi 12, endapo ataleta cheti cha daktari.

Nne, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, humpa kila mfanya kazi haki ya malipo ya kiasi, masharti yafaayo ya kazi, na kuingia katika chama cha wafanya kazi.

MAMBO YA KUFANYA

Kwa mtu afanyaye kibarua, twashauri haya. Nunua daftari ndogo, uandike kila siku tarehe, mahali ulipofanya kazi, jina la msimamizi na fedha ulizopokea. Malipo yakija kwa simu, usifute ujumbe wake. Wajue wenzako wawili au watatu mliofanya kazi pamoja, maana wao ndio mashahidi wako. Siku zikifika mwezi, mwulize tajiri kwa adabu juu ya barua ya kazi. Akikataa, nenda katika ofisi ya kazi ya kaunti yako au kwa chama, ukichukua daftari lako mkononi.

Na kwa mwenye kuajiri, twasema hivi: mtu asiyejua kama kesho ataitwa hana sababu ya kutunza mashine yako wala jina lako. Mpe kesho, naye atakupa moyo.

Hapo kale kibarua aliingia kazini na kikaratasi chake, na bila kikaratasi hicho hakulipwa. Leo watu wengi wamelishika neno na kuisahau karatasi. Kazi mbi si mchezo mwema, nasi hatumshauri mtu yeyote aache kibarua alicho nacho; bali afanye kwa bidii, aandike siku zake, na azijue haki zake kabla ya siku ya kuzihitaji.